Pima jeli kabla hujailaumu seli: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuotesha neva

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, saa mbili asubuhi, nilifungua inkubeta nikakuta sahani yangu ya visima 24 imejaa maji. Ijumaa nilikuwa nimeacha humo jeli 24 za aljineti, ute unaotolewa kwenye mwani, zimetulia kama vipande vya halua, kila moja na seli zake ndani. Jumatatu haikubaki hata moja. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu kazimwaga. La pili, naona haya kulisema, lilikuwa kwamba seli zimezila.

Fundi wetu wa maabara, mama mtu mzima aliyeanza kazi ile kabla mimi sijazaliwa, alikuja akachungulia, akaniuliza swali moja tu: "Uliziosha na nini?" Nikamjibu: na bafa ya fosfeti, mara tatu, kama tunavyoosha seli siku zote. Akacheka taratibu. Aljineti haina gundi yake yenyewe. Minyororo yake hushikanishwa na kalsiamu. Fosfeti nayo huinyakua kalsiamu. Kila nilipoosha, nilikuwa nachomoa misumari ya nyumba huku nikiamini nadeki sakafu. Ningetumia maji ya chumvi yenye bafa ya HEPES, isiyo na fosfeti, na kalsiamu milimola 2 hivi, jeli zingekaa.

Kilichoniuma zaidi ya zile 24 ni miezi mitano ya nyuma yake. Muda wote ule nilikuwa nikizilaumu seli. Zimechoka. Zimegawanywa mara nyingi mno. Zina maikoplazma, vile vibakteria vinavyochafua seli za maabara. Maikoplazma niliipima mara mbili! Jeli sikuwahi kuipima hata siku moja, kwa sababu jeli nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, na mtu hashuku alichokipika.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu wameniandikia vijana watatu wa kwetu, wawili wanakuja Uingereza kwa shahada ya uzamili na mmoja anaanza kazi ya maabara nyumbani, wote wakiuliza wasome nini kabla ya kuanza. Makala za kusoma mtapewa na wasimamizi wenu mpaka mzikimbie. Mimi nitawaambia yale ambayo hayaandikwi kwenye makala.

Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya mtoto wa shangazi yangu, dereva wa bodaboda, aliyeanguka na bega likavutwa mpaka neva za mkono zikakatika. Mkono ulibaki unaning'inia. Daktari alituambia neva huota upya. Nikafurahi, kisha nikafanya hesabu. Neva ya pembeni ya binadamu huota kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Kutoka begani mpaka vidoleni kwa mtu mzima ni kama milimita 700. Hiyo ni karibu miaka miwili, tena iwapo hakuna siku inayopotea. Misuli isiyopata neva haisubiri muda wote huo. Ikipita mwaka mmoja, mwaka mmoja na nusu, inaanza kusinyaa na kujaa mafuta na nyuzi za kovu, na hata neva ikifika haikuti mwenyeji. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba neva ya pembeni inajiponya yenyewe, yuko sahihi, ila kuna saa inayohesabu.

Na pengo nalo lina hesabu yake. Neva ikikatwa safi, daktari anashona. Kikipotea kipande, hawezi kuivuta kwa nguvu, maana neva iliyovutwa hukosa damu. Anachofanya kwa kawaida ni kuchukua neva nyingine ya mgonjwa huyohuyo, mara nyingi ile ya nyuma ya muundi, na kuiweka kama daraja. Mgonjwa anabaki na ganzi upande wa nje wa mguu maisha yake yote. Anaibiwa mguu ili mkono ulipwe. Baiomateria zetu, yaani vitu kama jeli hizi vya kuwekwa mwilini, zimezaliwa kutokana na deni hilo: je, tunaweza kutengeneza daraja bila kumkata mtu mahali pengine?

Sasa, ili utengeneze daraja lazima ujue akzoni, ule uzi mrefu unaotoka kwenye seli ya neva, inakosa nini. Hapa wageni wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Tunadhani inakosa nguvu, kwa hiyo tunaimwagia vichocheo vya ukuaji. Kwetu Kagera watu wanalima vanila. Ukiona mche wa vanila umelala chini umedumaa, hukimbilii kuongeza mbolea kwanza, unatazama kama una mti wa kupandia. Mvanila una nguvu tele. Ukikosa pa kushika ndipo unapokwama. Akzoni ni hivyohivyo. Ina ncha inayopapasa mbele yake, ambayo Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890 kutoka kwenye viinitete vya kuku. Ikikuta pa kushika, inasonga. Isipokuta, inajikunja.

Ross Harrison alilijua hili tangu mwaka 1907. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa mara ya kwanza nyuzi za neva zikiota nje ya mwili, kwa kuchukua kipande cha neva changa ya kiinitete cha chura na kukitundika ndani ya tone la limfu. Zingatia: limfu iliyoganda. Jeli! Baadaye, kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 1914, alizipa seli utando wa buibui, nazo zikaufuata uzi kwa uzi. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba kikundi chao ndicho kilichogundua kwamba seli za neva zinahitaji kamba ya kufuata, nyamaza tu, unywe chai yako.

Mwili wenyewe unajua kutega kamba hiyo. Neva ya pembeni ikikatwa, sehemu iliyo mbali na mwili wa seli huoza, jambo ambalo Augustus Waller alilieleza mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura. Lakini mirija inabaki. Seli za Schwann, zile zinazozifunika akzoni za neva za pembeni, hujipanga mstari ndani ya utando wao wa chini, uliojaa protini za kushikia, laminini na kolajeni ya aina ya nne, zikafanya njia tunayoiita mikanda ya Büngner. Mwaka 1983 Williams na wenzake walichapisha kazi ambayo nawasihi mtafute: waliweka bomba tupu la silikoni kwenye neva ya panya lenye pengo la milimita 10 na kutazama kinachotokea ndani. Kwanza bomba hujaa majimaji. Ndani ya wiki ya kwanza majimaji hayo yanaacha uzi wa fibrini, protini inayogandisha damu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha seli zinatambaa juu ya uzi huo. Akzoni zinakuja mwisho kabisa. Pengo likirefushwa mpaka milimita 15, kwa kawaida uzi haukamiliki na hakuna kinachovuka. Nguvu ya akzoni ni ileile katika panya wote wawili. Kilichokosekana ni kamba.

Basi kila mnapochanganya jeli jiulizeni: je, hii ni kamba, au ni shimo la matope?

Tuje kwenye ulaini, maana huko ndiko nilikomaliza mwaka mzima. Sahani ya plastiki tunayooteshea seli ina ugumu wa kama gigapaskali 3 (gigapaskali moja ni kilopaskali milioni moja). Ubongo hauzidi sana kilopaskali 1, mara nyingi uko chini ya hapo. Tofauti ni zaidi ya mara milioni. Yaani seli iliyozoea kulala kwenye godoro tunailaza kwenye jiwe, halafu tunaandika ripoti kuhusu tabia yake ya usingizi. Mwaka 2006 kikundi cha Dennis Discher huko Pennsylvania kilionyesha kwamba seli shina za uboho zikiwekwa juu ya jeli laini ya kilopaskali 0.1 hadi 1 huelekea kufanana na neva, na juu ya jeli ngumu zaidi huelekea kwenye misuli, kisha mfupa. Makala hiyo iliwapa watu wengi kichaa cha ugumu, mimi nikiwemo. Nikaamua kujaribu jeli tano za kolajeni, laini mpaka ngumu, kwa kuongeza kiasi cha kolajeni.

Mnaliona kosa? Mimi sikuliona. Ukiongeza kolajeni unaongeza ugumu, sawa. Lakini papo hapo unapunguza ukubwa wa matundu ambamo akzoni inapita, na unaongeza idadi ya sehemu ambazo seli inashika. Umezungusha swichi tatu kwa mkono mmoja. Akzoni zangu zilifupika kadiri jeli ilivyokuwa nzito, kama inavyotarajiwa, nami nikaandika kwamba ni kwa sababu ya ugumu. Mtahini wangu wa mwaka wa kwanza aliuliza nimejuaje. Sikujua. Mkitaka kubadili ugumu peke yake, acheni protini ileile kwa kiasi kilekile, mbadili viunganishi, yaani kemikali zinazofunga nyuzi pamoja. Jenipini inafaa kwa kolajeni na ni mpole kwa seli kuliko glutaraldehaidi. Ila jueni inaigeuza jeli kuwa ya buluu, na jeli hiyo inawaka yenyewe chini ya hadubini kwenye rangi nyekundu. Nilipoteza seti nzima ya picha kwa sababu hiyo. Chagueni rangi ya kijani kwa akzoni zenu. Na hata kwa njia hii, pimeni matundu pia, msiamini tu kwamba hayakubadilika.

Kuhusu kolajeni yenyewe, nitawafundisha kwa supu ya makongoro, maana ndivyo nilivyoielewa mimi. Supu ya makongoro ukiiweka kwenye friji inaganda; ukiipasha inayeyuka. Hiyo ni jelatini, yaani kolajeni iliyochemshwa mpaka nyuzi zake tatu zilizosokotana zikaachana. Kolajeni ya maabara, iliyotolewa kwenye kano za mkia wa panya bila kuchemshwa, ni kinyume chake: inabaki majimaji kwenye baridi, na ukiipeleka kwenye nyuzi 37 inajisuka yenyewe kuwa jeli. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nyuma yangu aliacha chupa mezani karibu na kifaa cha joto, ikapata moto kupita kiasi, na kwa wiki mbili akashangaa kwa nini haigandi. Alikuwa amepika makongoro.

Inakuja ikiwa ndani ya asidi dhaifu ya asetiki. Changanyeni juu ya barafu. Tieni kwanza chumvi iliyokolezwa mara kumi, kisha sodiamu haidroksaidi tone kwa tone, na mtazame rangi ya kiashirio: kutoka njano kwenda chungwa kwenda waridi hafifu. Ikifika zambarau mmepitiliza. Ncha za pipeti ziwekeni kwenye friji tangu jana yake. Korogeni polepole kama mnaokoroga uji wa mgonjwa, maana kipovu kikishaingia hakitoki, na akzoni ikikutana na kipovu inazunguka au inasimama. Mkishamimina, iacheni. Ni kama mtindi: ukitikisatikisa kibuyu kabla haujashika unapata mabuje na maji juu. Nusu saa mpaka saa nzima ndani ya inkubeta bila kufungua mlango kuchungulia. Najua mtachungulia.

Halafu kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia. Kolajeni ikiganda kwenye ubaridi zaidi inafanya nyuzi nene na matundu makubwa. Ikiganda kwenye joto zaidi, nyuzi nyembamba. Maabara yetu haikuwa na kiyoyozi. Januari meza ilikuwa na nyuzi 17, na wakati wa wimbi la joto la Julai ilifika 27. Nikitumia dakika sita kumimina sahani nzima, jeli za Januari na za Julai hazikuwa ndugu. Tangu hapo ninaandika joto la chumba kwenye daftari kila siku ya kumimina. Mkifanya kazi Dar es Salaam au Mombasa jambo hili ni kubwa zaidi: huenda visima vya mwisho vikaanza kuganda kabla hamjavifikia. Gawanyeni kazi, mmimine visima sita kwa wakati mmoja, na sahani iwe juu ya barafu.

Sasa aibu kubwa. Mwaka wa pili nilipata picha nzuri ambazo sijapata kuzirudia. Ganglioni ya kuku, yaani fundo la seli za neva, katikati, akzoni zimetawanyika pande zote kama miale ya jua kwenye kanga. Nikaziweka kwenye mkutano wa kikundi Alhamisi. Watu wakanyamaza kwa heshima. Kisha kaka mmoja aliyekuwa amemaliza udaktari wake akauliza: "Ziko mikromita ngapi kutoka chini?" Nikasema sijatazama. Tukaenda kwenye hadubini ya konfoka, inayopiga picha tabaka kwa tabaka, baada ya chai. Zote zilikuwa ndani ya mikromita 8 za kwanza, juu ya kioo. Hazikuwa ndani ya jeli hata kidogo. Zilikuwa zimeteremka, zikapenya kati ya jeli na kioo, zikatambaa huko chini kwenye sakafu ngumu. Jeli yangu iliyoiga mazingira ya asili ilikuwa paa tu.

Dawa yake ni rahisi. Mimineni kwanza tabaka tupu la jeli, lishike, ndipo muweke ganglioni ndani ya tabaka la pili. Au pakeni chini kitu ambacho seli haishiki, agarosi kwa mfano. Na katika kila picha mnayochapisha andikeni kina. Tangu siku ile nikisoma makala ya mtu yenye picha nzuri isiyo na kina, najikuta namshuku, na nadhani nina haki.

Kumbukeni pia kwamba kingamwili za kutia rangi hazipenyi jeli nene haraka. Ile saa moja ya juu ya kioo inakuwa usiku mzima, pengine siku mbili, na kuosha vilevile. Ukiona katikati ya jeli hakuna akzoni, huenda zipo, ila rangi haijafika.

Aljineti na agarosi, zote zatoka kwenye mwani, hazina chochote ambacho seli ya mnyama inaweza kushika. (Wazanzibari watauliza: mwani wetu wa Paje na Jambiani hutoa karajinani, ni jamaa mwingine.) Ndiyo maana watu hupachika vipande vifupi vya protini: RGD ya fibronektini, au IKVAV na YIGSR za laminini. Herufi hizo ni asidi amino moja moja. Nina neno moja tu hapa: kundi la ulinganisho lisiwe jeli tupu pekee. Liwe na kipande chenye herufi zilezile zilizovurugwa mpangilio, kiasi kilekile. La sivyo hujui kama seli imesoma neno au imependa tu kwamba kuna wino.

Matrigeli mtaikuta kila maabara. Ni dondoo la uvimbe wa saratani wa panya, kwa sehemu kubwa laminini, halafu kolajeni ya aina ya nne. Seli zinaipenda mno. Hiyo ndiyo shida yake, kwa sababu ndani kuna vitu vingi ambavyo hukuviweka wewe, na bechi moja si sawa na nyingine. Itumieni kuthibitisha kwamba seli zenu ni nzima. Msiitumie kuthibitisha wazo lenu. Inayeyushwa usiku kucha kwenye friji ikiwa ndani ya barafu, kamwe si mezani.

Mtaulizwa mtumie seli gani. PC12 ni rahisi, zinagawanyika, zinatoa vimkia ukizipa kichocheo cha ukuaji wa neva, kile alichogundua Rita Levi-Montalcini na kupewa Nobeli pamoja na Stanley Cohen mwaka 1986. Lakini asili yake ni uvimbe wa tezi ya juu ya figo ya panya, si neva. Mimi napenda mayai. Mayai yenye mbegu, nyuzi 37 na nusu, unyevu, siku ya nane mpaka ya kumi, na ganglioni ziko pande mbili za uti wa mgongo kama shanga. Mkono unahitaji wiki tatu za mazoezi na mtaharibu mengi. Kwa Uingereza, kiinitete cha kuku hakiingii chini ya sheria ya wanyama wa majaribio mpaka theluthi mbili za muda wa kuatamia zipite, yaani siku ya 14. Mahali pengine ulizeni kamati yenu ya maadili kwanza. Kwa mnaobaki nyumbani, hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na mkia wa panya unaotupwa baada ya majaribio ya watu wengine unatosha kutoa kolajeni yako mwenyewe.

Mwelekeo nao usidharauliwe. Jeli ya kawaida imesokotana kila upande, na akzoni ndani yake hutanga. Wapo wanaosokota nyuzi kwa umeme juu ya ngoma inayozunguka. Wapo wanaogandisha maji kutoka upande mmoja ili barafu iache mifereji. Njia ninayoipenda mimi ni ya James Phillips na wenzake huku Uingereza: unaishika jeli ya kolajeni ncha mbili, ndani yake kuna seli za Schwann, nazo zikivuta zinajipanga zenyewe kuelekea upande wa mvuto, halafu unakamua maji. Humfundishi seli kupanga mstari. Unamfungia kamba pande mbili anajua mwenyewe la kufanya.

Mtakaofanya kazi ya uti wa mgongo, someni David na Aguayo, Montreal, 1981. Walichukua kipande cha neva ya pembeni ya panya wakakiunganisha kutoka shina la ubongo mpaka uti wa mgongo, na akzoni za mfumo mkuu wa neva (ubongo na uti wa mgongo), ambazo watu walidhani haziwezi kuota, ziliota ndani yake kadiri ya sentimita 3. Mazingira tu yalibadilishwa. Lakini someni mpaka mwisho: zilipofika upande wa pili na kutakiwa kuingia tena kwenye uti, hazikwenda mbali. Huko kuna kovu lenye proteoglikani za kondroitini zinazozizuia. Kila mwanafunzi hupiga picha katikati ya daraja kwa sababu ndiko kunakopendeza. Mimi nawaomba mpige mlangoni pa kutokea.

Na hapa linakuja jambo ambalo wenzetu Wazungu hawaligusi sana, kwa sababu wao shangazi zao hawawatumii jumbe za WhatsApp saa tano usiku. Novemba 2021 kikundi cha Samuel Stupp cha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilichapisha kazi ya nyuzi za peptidi zenye molekuli zinazochezacheza. Panya waliovunjwa uti wa mgongo walidungwa sindano moja siku iliyofuata, na ndani ya wiki nne wakatembea. Ni kazi nzuri sana. Habari ilizunguka, na kwa wiki moja nilipokea jumbe kutoka kwa watu tisa. Mmoja alikuwa mama wa kijana aliyelala kitandani tangu ajali ya miaka sita nyuma. Aliuliza sindano hiyo ni shilingi ngapi.

Jifunzeni kujibu mapema, kabla hamjaulizwa. Msijifiche nyuma ya maneno ya kitaalamu, na msiseme "utafiti unaendelea" halafu mkanyamaza, kwa sababu mwenye mgonjwa husikia "mwakani". Mimi nilimwambia hivi: mama, wale ni panya, na walidungwa siku moja baada ya kuumia. Kwa mtu aliyeumia miaka sita, hakuna jeli inayotolewa hospitalini leo kama tiba ya uti wa mgongo, na mtu akikuuzia, ni mwizi. Kilichopo ni mabomba ya neva za pembeni, kwa mapengo mafupi, kwa kawaida yasiyozidi sentimita 3. Alishukuru. Akaniuliza kuhusu vidonda vya kulalia, na hapo tuliongea muda mrefu, kwa sababu hapo kulikuwa na la kufanya.

Mtoto wa shangazi yangu naye anajua. Neva zake baadhi zilichomoka kutoka kwenye uti wenyewe, na bomba haliwezi kuunganisha kitu ambacho hakina ncha ya pili. Anaendesha duka sasa. Huniuliza: "Zile jeli zako zimeganda?"

Kuna moja nataka kulisema kabla sijasahau. Baadhi ya mabomba hutengenezwa kwa kolajeni ya kano ya kisigino cha ng'ombe, mengine kwa utando wa utumbo wa nguruwe. Mkifika hatua ya kuongea na wagonjwa wa Pwani, waambieni asili yake waziwazi kabla ya upasuaji, si baada.

Wiki yenu ya kwanza, msiombe seli. Mtu atawapa, maana kila maabara ina seli za ziada na watu wakarimu, kataeni. Tengenezeni jeli kumi tupu. Zipimeni uzito zikiwa mbichi. Ziwekeni kwenye chakula cha seli ndani ya inkubeta, mbadilishe chakula kila baada ya siku mbili kama vile mna kitu humo, mzioshe kwa bafa ileile mtakayotumia baadaye. Zipimeni tena siku ya 3, ya 7 na ya 14. Wenzenu watawauliza mnalisha nini. Siku ya 14, kama visima vyote kumi bado vina jeli, nendeni mkaombe seli.